Mzee Hamuza Bado Yuko Kazini

Mimi ni dereva. Nalisema mapema ili mtu asije akanikamata njiani na kuniuliza maswali ya kompyuta, kwa sababu kompyuta naijua kwa nje tu, jinsi ya kuibeba isianguke. Shirika letu linapima maji ya visima, ofisi kuu iko Arua Hill, na gari lake nimeliendesha tangu binti yangu Pasca akitambaa. Ndiyo maana wote wananiita Baba Pasca, na jina langu la Enoch limebaki kwenye leseni.

Ninayetaka kumsimulia ni Driwaru, binti wa Ediofe. Mama yake alikuwa mpishi wa masista pale misheni, na Driwaru alikulia katika moshi wa jiko lile hadi akaenda Kampala kusoma mambo ya kompyuta. Alirudi na miwani, na tabia ya kutafuna karanga akiwaza. Kazi yake kwetu ni ruhusa. Nilipomuuliza mara ya kwanza maana yake nini, alijibu, "Baba Pasca, mimi ndiye ninayesema nani aone nini na nani abonyeze nini." Nikamwambia hiyo ni kazi ya Mungu. Hakucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani kila ofisi ilikuwa na kompyuta zake, na vumbi la Koboko lilikuwa likiziua. Wakubwa wakaamua programu zote zikae Arua, ndani ya mashine moja kubwa wanayoiita seva. Kule Koboko wakapewa kioo, kibodi na kiboksi kidogo kinachotosha kwenye mfuko wa koti. Mtu wa Koboko akiwasha kioo chake, anachokiona ni kitu kinachotembea Arua. Anaingia kwa jina lake, na kufuatana na jina hilo seva inamwonyesha programu alizoruhusiwa. Mwingine anaruhusiwa kuandika vipimo. Mwingine anaruhusiwa kuidhinisha kisima, yaani kusema maji haya ni salama, watu wayanywe. Aliyezipanga ruhusa zote hizo ni Driwaru.

Koboko aliyeruhusiwa kuidhinisha alikuwa mmoja tu, Mzee Hamuza Kenyi. Alikuwa mtu mrefu, mtoto wa mwanajeshi, anayevaa kofia nyeupe ya kufuma na kusalimia watu kwa mikono miwili. Hata vipimo viwe vizuri vipi, haidhinishi kisima mpaka aende mwenyewe, achote kikombe na kunywa mbele ya watu. Chini yake walikuwapo wawili: Shamira, aliyeandika vipimo, na Swaib, aliyezunguka na pikipiki kuchota maji ya kupima. Shamira alikuwa pia mkwe wake, ameolewa na mtoto wake wa pili, ambaye ni mwanajeshi na yuko mbali. Nyumba nzima ilikuwa inaegemea kazi ya huyo mwanamke.

Mzee Hamuza akaugua kwa muda mfupi, akafa. Tulikwenda kuzika. Meneja wetu, Bwana Acidri, alisimama kaburini na kutoa hotuba, na kwa hotuba hajambo. Alisema kwa sauti kubwa, "Kazi ya Mzee Hamuza isisimame hata siku moja!" Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, nikaona maneno mazuri.

Tukarudi Arua. Driwaru akaambiwa amwondolee marehemu ruhusa zote na ampe Shamira ile ya kuidhinisha. Akafanya. Nilikuwapo, nangoja funguo za gari. Aligonga gonga vitufe, akasema, "Basi, Mungu amlaze pema," akafunga.

Baada ya siku chache Mzee Hamuza akaidhinisha kisima.

Driwaru alidhani macho yake yanamdanganya. Akazitoa tena zile ruhusa, ingawa zilikwisha kutoka. Akaifunga kabisa akaunti ya marehemu. Akampigia Shamira simu na kumuuliza kama ruhusa yake mpya imefika. Shamira akasema hapana, hakuna kilichokuja. Driwaru akampa upya. Haikuja. Na Mzee Hamuza akaidhinisha kisima kingine, mchana kweupe, watu wakiwa wanakula.

Siku hiyo alinikuta naosha gari. Alikuwa amechanganyikiwa, miwani iko kichwani na yeye anaitafuta mkononi.

"Baba Pasca, wewe ulimwona akizikwa?"

"Mimi ndiye niliyefukia."

"Unayo hakika alikuwa yeye?"

Nilitaka kukasirika, lakini nikaona macho yake. Yule binti alikuwa anaogopa kweli. Alisema amefunga mlango, ametia kufuli, na mtu bado anapita. Alikuwa amesoma mabuku mazima juu ya ruhusa na hakuna ukurasa mmoja uliomwambia la kufanya maiti inapokataa kuacha kazi. Na mimi, mtu mzima, nilihisi nywele zinanisimama.

Habari ikamfikia Bwana Acidri, na kwake haikuwa na utata wowote. Alisema Shamira ameiba neno la siri la mkwe wake na anajifanya yeye. Alikasirika hadi mate yakamtoka. "Wafadhili wakisikia visima vya Koboko vinapitishwa na marehemu, sisi tutavaa sura gani?" Alhamisi asubuhi ulipangwa mkutano wa wafanyakazi wote. Akasema Shamira aletwe, na pale pale mbele ya watu atamfukuza, akionyesha kila kitu kwenye kioo kikubwa. Kazi ya Driwaru ni kuleta ushahidi.

Jumatatu tukaenda Koboko. Njia nzima hadi Maracha na kupita Driwaru alitafuna karanga tu, maganda yote ndani ya gari langu. Kuna siku za kumgombeza mtu na siku za kumwacha.

Ofisi ya Koboko ni chumba kimoja. Kiti cha Mzee Hamuza kilikuwa mahali pake, kimefunikwa kitambaa safi, na kofia yake iko kwenye msumari. Shamira na Swaib walikuwa wamekaa pembeni kwenye benchi, wamevuta kibodi waifikie kutoka huko. Mbele ya kiti kitupu kioo kilikuwa kinawaka, na juu yake limeandikwa jina HAMUZA.

Driwaru aliketi kwenye benchi bila hata kusalimia vizuri. "Shamira, mimi nilikupa ruhusa. Mara mbili."

"Dada, mimi hapana kataa," Shamira akasema taratibu. "Lakini hiyo kitu haikuja. Mimi naangalia kila asubuhi. Haiko."

"Iko! Mimi naiona Arua!"

"Basi iko Arua. Hapa haiko."

Driwaru akafungua kompyuta yake ya mkononi akamwonyesha. Kweli, jina la Shamira lilikuwa pale na ruhusa yake pembeni. Shamira akamwonyesha kioo. Kweli, hapakuwa na kitu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwongo. Mimi nilisimama mlangoni, sielewi nimwamini nani.

"Na hivi visima? Nani alivipitisha?"

"Mimi," Shamira akasema. Hakuficha. "Watu ilikuwa nakunywa maji ya kinamasi. Swaib ilileta maji, mimi ilipima, ilikuwa muzuri. Mimi ilienda huko, ilikunywa kikombe mbele ya watu, kama Mzee ilikuwa nafanya. Kisha mimi ilirudi ilibonyeza. Si bosi ilisema kwa kaburi, kazi ya Mzee isisimame?"

"Uliingia kwa neno lake la siri."

"Neno gani? Mimi hapana jua neno ya Mzee. Mimi hata jina yake hapana taja, yeye baba ya bwana yangu. Ninyi yote najua."

Pale pale umeme ukakatika. Kioo kikazima. Driwaru akaweka mikono kichwani. Tukangoja kidogo, kuku wanalia nje, hadi umeme uliporudi na kioo kikawaka. Na jina lilikuwa lile lile, na ukurasa ule ule, hata kimshale kiko pale pale kilipoachwa.

"Unaona?" Swaib akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku namna hiyo. Umeme nakatika, narudi, yeye iko."

Nakiri nilirudi hatua moja nyuma. Lakini Driwaru akaacha kutafuna. Alikiangalia kioo, akamwangalia Swaib, akauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kumsikia akiuliza.

"Jioni mnapotoka, mnafanya nini?"

"Sisi nazima kioo, nafunga mlango."

"Na asubuhi?"

"Nafungua mlango, nawasha kioo."

"Na Mzee alipokuwa hai, kila mtu alikuwa anaingia kwa jina lake mwenyewe?"

Walimtazama wote wawili kana kwamba amewatukana. Shamira ndiye aliyejibu. Alisema kuanzia siku kile kiboksi kilipoletwa, Mzee alifungua yeye, kwa jina lake, kwa sababu ndiye mkubwa wa ofisi. Wangefungua vipi wadogo kabla yake? Akifungua yeye, wote wanafanya kazi ndani yake. Mmoja anaandika, mwingine anasoma, Mzee anaidhinisha. Kama nyumbani: ukiingia unapita kwa mwenye boma, huna haja ya kila mtoto kuwa na mlango wake. Siku alipougua aliinuka kitini akawaambia waendelee, atarudi.

Driwaru akacheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. Alitueleza pole pole, na mimi nilielewa, kwa hiyo mtu yeyote ataelewa. Kuzima kioo si kutoka. Kioo ni cha Koboko, lakini Mzee Hamuza alikuwa ameketi Arua, ndani ya seva, na hakuna aliyemtoa; umeme ukirudi, kiboksi kinamrudia pale pale bila kuuliza neno la siri. Driwaru alipofunga mlango kwa kufuli, Mzee alikuwa tayari ndani. Kufuli halimtoi mtu aliye ndani. Na ruhusa ya Shamira ilikuwa inamngoja mlangoni aingie kwa jina lake, naye hakuwahi kuingia.

"Kwa hiyo ni rahisi," Driwaru akasema. Akavuta kibodi, akaonyesha kona ya kioo. "Bonyeza hapa."

Kitufe kilikuwa kimeandikwa: Mtoe Hamuza.

Shamira akaiondoa mikono yake akaiweka mapajani. "Hapana."

"Ni kitufe tu, dada."

"Sisi hapana fanya karama yake bado, dua na chakula ya matanga. Arobaini yake ni Jumatano. Kiti yake iko, kofia yake iko. Mimi muke ya mutoto yake, nitasukuma yeye nje? Mama yake ya bwana yangu ikisikia, mimi nitakaa boma gani?" Akakigeukia kile kiti. "Bosi afukuze mimi. Sawa. Lakini hiyo kitu mimi hapana bonyeza."

Swaib alipotazamwa, akatazama dari.

Sasa, Driwaru hakuhitaji kidole cha Shamira. Alikuwa na uwezo wa kumtoa Mzee Hamuza kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, pale pale kwenye benchi, kwa kidole kimoja. Nilimwambia abonyeze tuondoke. Sikuona kwa nini mtu aliyezikwa kwa heshima zote abembelezwe atoke kwenye mashine. Nilisema hivyo, na nilisema kwa ukali. Driwaru aliweka kidole, akakiacha pale muda. Kisha akafunga kompyuta. Aliniambia baadaye kwamba alimkumbuka mama yake, ambaye masista walipomstaafisha, alikuta asubuhi kitambaa chake cha jikoni kimekwisha kuvaliwa na mwingine.

Njiani kurudi alikuwa amechanganyikiwa kuliko tulipokwenda. Akili ilimwambia jambo moja na moyo jingine. Asipomtoa Mzee, Alhamisi Bwana Acidri atamkuta bado yumo na Shamira amekwisha. Akimtoa, Shamira ataulizwa na ukoo. Nilikuwa nimechoka na maganda ya karanga.

Tulipokaribia mjini akaniuliza, "Baba Pasca, ofisini kwetu jioni anayetoka kwanza ni nani?"

"Hakuna wa kwanza. Mlinzi Anguyo akitaka kufunga geti anagonga kengele, tunatoka wote, meneja na mfagiaji."

"Hakuna anayemfukuza mwenzake?"

"Nani amfukuze nani? Saa imefika."

Tukapanda Arua Hill. Kisha akatelemka bila kuaga, mkoba wake akiuacha garini.

Alichofanya ni hiki. Aliandika kanuni mpya kwa seva nzima: kila siku jioni, kazi inapofungwa, mtu yeyote aliye ndani, Arua au Koboko, mkubwa au mdogo, anatolewa. Hakuna jina la mtu. Asubuhi kila mmoja anaingia upya kwa jina lake na neno lake la siri. Ianze Jumatano. Kanuni kama hiyo haipiti bila idhini ya meneja, kwa hiyo akaituma kwa Bwana Acidri kwenye kompyuta, na idhini ikarudi kabla hajainuka kitini. Driwaru alishangaa kidogo. Bwana Acidri wakati ule alikuwa Kampala.

Jumatano tulikwenda kwenye karama, mimi, Driwaru na watu wachache wa ofisi. Dua ilisomwa, tukala wali na nyama. Alasiri Driwaru akaomba ruhusa kwa Mzee Yasiri, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma. Alimweleza kwa adabu, amepiga magoti, ingawa si desturi ya kwao kumpigia mtu wa Koboko. Mzee Yasiri alisikiliza, akauliza, "Yote natoka? Hata ile bosi yenu?"

"Yote, baba."

Akachukua fimbo yake, tukaenda naye ofisini pamoja na Shamira na Swaib. Tukasimama. Hakuna aliyekaa kwenye benchi. Kioo kinawaka, HAMUZA juu. Mwanga wa jioni unaingia mlangoni. Kisha maandishi yakatokea katikati: Kazi ya leo imekwisha. Watumiaji wote wanatoka.

Hakuna aliyegusa kitu. Shamira alikuwa ameshika ushungi mdomoni. Mzee Yasiri akasema, kama mtu anayemwita mwenzake shambani, "Haya, kaka. Saa imefika. Sisi yote nakwenda nyumbani."

Jina likaondoka. Kioo kikabaki cheupe, kinauliza jina la nani.

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimemfukia yule mzee kwa mikono yangu na sikutoa chozi, nikaja kulia mbele ya kioo cha kompyuta. Mzee Yasiri akachukua kofia kwenye msumari, akaikunja na kuitia mfukoni, na Shamira akakitoa kitambaa kwenye kiti.

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Shamira aliketi nyuma, peke yake, watu wameacha nafasi pande zote mbili kana kwamba ana ugonjwa. Bwana Acidri alisimama mbele na tai yake nyekundu, akaanza kwa hotuba ya uaminifu. Alisema katika shirika hili jina la mtu ni jina la mtu, na anayefanya kazi kwa jina la mwingine ni mwizi. Watu wakatikisa vichwa. Kisha akageuka kuwasha kioo kikubwa atuonyeshe visima vya marehemu.

Kioo kikamuuliza neno lake la siri.

Aligonga kitu. Kikakataa. Akagonga tena, akavua miwani, akaivaa. "Nani amenitoa?" akauliza. "Mimi sijawahi kutolewa!" Akatazama huku na huku, akaita, "Patience!"

Patience ni katibu wake. Aliinuka, akapita mbele ya watu wote ameinamisha kichwa, akaweka vidole kwenye kibodi na kuandika bila hata kutazama. Kioo kikafunguka. Kurasa zikajaa: idhini ya safari, idhini ya mafuta ya gari langu, idhini za visima vya Arua, zote kwa jina la Acidri, nyingi zikiwa za siku alizokuwa Kampala. Na ya juu kabisa ilikuwa idhini ya kanuni mpya ya Driwaru, ambayo bosi mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Mtu mmoja akakohoa. Bwana Acidri alimtazama Patience, Patience akatazama viatu vyake, na hakuna aliyehitaji kuuliza kitu. Nilimhurumia yule msichana. Bosi sikumhurumia hata kidogo.

"Tuendelee na ajenda ya pili," Bwana Acidri akasema. Ajenda ya pili ilikuwa matairi.

Baada ya mkutano Driwaru alimchukua Shamira hadi mezani kwake, akamkalisha mbele ya kioo. Shamira akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kioo kikafunguka, na kitufe cha kuidhinisha kilikuwa pale, kijani, kilipokuwa kikimngoja siku zote. Hakukibonyeza kwanza. Aliomba kuona visima vile alivyopitisha ndani ya jina la Mzee. Akaomba Driwaru avirudishe nyuma, visomeke kuwa havijapita. Driwaru akavirudisha. Kisha Shamira akavipitisha tena kimoja kimoja kwa jina lake, na kila kimoja akawa anasema, "Hii mimi ilikunywa."

Jioni Anguyo aligonga kengele. Vioo vyote vikaandika yale maneno yao. Shamira aliinuka, akajifunga ushungi vizuri, akasimama akingoja hadi jina lake lilipoondoka, kisha akatoka pamoja nasi. Nilimrudisha Koboko mimi mwenyewe, na sikudai mafuta.